Gobore na mkono wa mwenye nalo: historia ya mtutu unaopasuka

SEHEMU YA 1: Swali lililonifikia

Kichocho tumeshakimaliza, na nashukuru kwa waliopeleka watoto kupima. Leo tunaanza mfululizo mwingine. Nitaweka sehemu nane, soma taratibu, ukichoka weka simu kando urudi baadaye. Lakini usiruke hadi mwisho, maana jibu linajengwa hatua kwa hatua.

Kaka mmoja ameniandikia kwa faragha. Anakaa kijiji cha kandoni mwa ziwa. Anasema viboko wanatoka usiku wanamaliza mpunga na mahindi, nguruwe pori wanamaliza mihogo, na vijana wa kijijini wanalinda mashamba kwa magobore ya kutengeneza wenyewe. Mawili yamepasuka. Akaniuliza: nesi, wewe unayepokea majeruhi, tuambie ni bomba lipi salama kwa mtutu, ili watu wetu wasiendelee kuumia.

Ni swali la mtu mwenye huruma. Kwa hiyo simjibu kwa kumkaripia. Wala simjibu kwa kumtajia bomba.

Jibu fupi ni hili: hakuna bomba salama la kuokota. Sisemi hivyo kwa sababu mimi ni nesi na manesi tunapenda kukataza. Nasema hivyo kwa sababu watu waliofanya kazi hii maisha yao yote, wenye chuma bora na viwanda vikubwa, walishaulizana swali hilohilo karibu miaka mia nne iliyopita. Wakakubaliana kwamba macho ya fundi hayatoshi. Hebu twende tuone walifikaje hapo, na kwa nini habari hiyo haikutufikia sisi wa ziwani pamoja na bunduki zenyewe.

SEHEMU YA 2: Bunduki zinafika ziwani

Tuanze na maneno, maana maneno yanatunza historia. Risasi, kwa Kiarabu, ni jina la yale madini laini mazito yanayoyeyushwa kutengeneza vidonge vya bunduki. Mtutu kwa Kiswahili cha zamani uliitwa kasiba, neno la Kiarabu lenye maana ya mwanzi au bomba. Fimbo ya kushindilia iliitwa mdeki. Na bunduki inayojazwa kwa mdomoni, baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi, ndiyo gobore. Maneno mengi ya silaha hii yalipanda bara na misafara kutoka pwani: Bagamoyo, Tabora, halafu huku kwetu.

John Hanning Speke alifika Mwanza akitokea Tabora tarehe 3 Agosti 1858. Alikuwa na wapagazi, na walinzi Wabaluchi wenye bunduki. Miaka minne baadaye, 1862, alikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa, na miongoni mwa zawadi alizompa zilikuwamo bunduki. Speke mwenyewe aliandika kwamba Mutesa alimpa kijana wa ikulu bunduki moja akamwambia atoke nje akampige mtu, ajaribu kama inaua. Kijana akaenda, akarudi akicheka. Ukisoma habari hiyo unapata baridi. Chombo kipya, na jaribio lake la kwanza ni mwili wa mtu. Nitalirudia jambo hili la kujaribia miilini, likumbuke.

Mwaka 1875 Stanley alifika Kageyi, upande wa Magu, akaunganisha mashua yake akazunguka ziwa. Mwezi Agosti mwaka huo akawapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, ambao walikuwa na mishale, mikuki na mawe. Waliokufa walikuwa wengi. Kuanzia hapo kila mtemi wa kandoni mwa ziwa alielewa hesabu mpya: asiye na bunduki atakuwa chini ya mwenye nayo.

Kusini kwetu, Mirambo wa Unyamwezi alikuwa ameshaielewa hesabu hiyo mapema. Ruga-ruga wake walipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, na kwa miaka kadhaa aliibana njia kuu ya pembe za ndovu. Alipofariki Desemba 1884 bunduki ilikuwa imeshakuwa kitu cha kawaida Unyamwezi, inanunuliwa kwa pembe, inarithiwa, inaazimwa.

SEHEMU YA 3: Zilitoka wapi?

Sasa jiulize. Bunduki zote hizo zilitoka wapi, na kwa nini zilikuwa za kushindilia tu?

Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria vitani, na sababu mojawapo ilikuwa bunduki mpya inayojazwa kwa nyuma. Askari wa Prussia aliweza kupakia akiwa amelala chini. Yule wa Austria alilazimika kuhangaika na fimbo mdomoni mwa mtutu. Ulaya nzima ikashtuka. Ufaransa ilibadilisha bunduki mwaka huohuo, Uingereza nayo ikaanza, na kufikia miaka ya 1870 majeshi makubwa yalikuwa na maghala yaliyojaa bunduki za zamani zisizotakiwa tena.

Ukiwa na mzigo usiotakiwa, unafanya nini? Unatafuta soko la mbali. Kama mitumba tu. Bunduki za kustaafu zikashuka Zanzibar kwa meli, zikavuka bahari hadi Bagamoyo na Saadani, zikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zinazopita kwenda bara zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka mmoja. Huku kwetu alikuwapo Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mmisionari akaishia kuwa mfanyabiashara, akaoa katika ukoo wa mtemi wa Usongo, akawa anapeleka pembe pwani na kurudi na bunduki na baruti. Vita vya dini vya Buganda vya 1888 hadi 1890 vilimpa wateja. Mwaka 1895 ofisa wa Kibelgiji alimnyonga kule Kongo kwa shutuma za kuwauzia silaha maadui wao.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshaanza kuogopa mzigo wao wenyewe. Tarehe 2 Julai 1890 yalitia saini mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa. Mkataba huo ulizuia pia silaha kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Lakini ulikuwa na mlango mdogo. Mwafrika aliweza kuendelea kuuziwa, kwa idhini ya serikali ya koloni, bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani, bunduki nzuri ni ya mzungu. La zamani ndilo lako.

Hapo ndipo gobore lilipogandia. Kwingine duniani lilikwenda makumbusho. Kwetu lilibaki shambani. Wajerumani waliojenga kituo Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza waliowafuata, waliweka vibali na vizuizi. Magobore ya zamani yakachakaa, yakala kutu. Mtutu ulipokufa, mtu akatafuta bomba la kuweka mahali pake. Huo ndio ukoo wa lile gobore lililopasuka kijijini kwa yule kaka.

SEHEMU YA 4: Nyumba ya kupasulia mitutu

Turudi Ulaya kidogo, maana hapa ndipo penye jibu.

Zamani mtutu ulitengenezwa kwa bamba la chuma lililopashwa moto, likakunjwa kuzunguka fimbo ya chuma, halafu kingo zake zikagongwa kwa nyundo hadi zishikane. Ule mstari wa kushikana ndio udhaifu. Ukiingia uchafu kidogo katikati, ukipoa kidogo kabla ya nyundo, pameachwa ufa. Na ufa huo huwezi kuuona. Juu unang'aa kama kioo.

Mafundi wa London walijua. Mwaka 1637 walipata hati ya mfalme ya kuunda chama chao, chenye mamlaka ya kukagua na kujaribu mitutu. Liège, mji wa bunduki wa Ubelgiji ya leo, uliweka sheria ya majaribio ya lazima mwaka 1672. Birmingham ilijengewa nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na nyumba hiyo bado ipo na bado inafanya kazi.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa. Mtutu unajazwa baruti nyingi kuliko itakayotumika kawaida. Unafungwa mahali pake. Watu wanatoka, wanajificha nyuma ya ukuta, halafu unawashwa kutoka mbali. Ukipasuka, umepasuka ukutani. Usipopasuka, unakaguliwa, na ukiwa mzima unagongwa muhuri. Bila muhuri, hauuzwi.

Nataka uone maana yake. Hawa walikuwa mafundi, watoto wa mafundi, wajukuu wa mafundi. Chuma walikijua. Na bado sheria ikawaambia: neno lako halitoshi, sifa yako haitoshi, lete mtutu tujaribu kuupasua bila mtu kuushika.

Sasa upande wa pili wa habari hiyo. Katika miaka ya 1760, kabla ya sheria ya 1813, Lord Shelburne wa Uingereza alitembelea Birmingham. Ikaandikwa nyumbani kwake kwamba bunduki nyingi zilizokuwa zikitengenezwa pale kwa ajili ya soko la Guinea, Afrika Magharibi, zilikuwa mbovu kiasi kwamba zaidi ya nusu zingempasukia mtu wa kwanza kuzipiga. Sijui ile nusu aliipimaje, na wenye viwanda hawakosi kubisha. Lakini angalia kilichosemwa wazi na watu waliokuwa karibu: mtutu wa kwenda Afrika haukuhitaji nyumba ya majaribio. Nyumba ya majaribio ilikuwa mkono wa Mwafrika.

Ndiyo maana nilikwambia ukumbuke lile la Mutesa.

SEHEMU YA 5: Hata wakubwa hawakupona

Kuna watakaosema, aah nesi, hayo ni ya maskini na vyuma vibovu. Ukiwa na chuma kinene hakuna shida.

Mwaka 1460 Mfalme James wa Pili wa Scotland alisimama karibu na mzinga wake mwenyewe wakati wa kuzingira ngome ya Roxburgh. Mzinga ukapasuka, ukamvunja paja, akafa. Mfalme, mwenye mafundi bora wa nchi.

Tarehe 28 Februari 1844 meli mpya ya kivita ya Marekani, Princeton, ilikuwa inatembeza wageni mtoni Potomac. Ilikuwa na mizinga miwili mikubwa ya kushindilia. Mmoja ulitengenezwa Uingereza, ulijaribiwa sana, ukaonekana una ufa, ukaongezewa mikanda ya chuma. Wa pili ulitengenezwa Marekani, ukafanywa mnene zaidi kwa imani kwamba unene ndio usalama. Ulijaribiwa mara chache tu. Huo mnene ndio uliopasuka mbele ya wageni. Walikufa watu sita, akiwamo Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur na Waziri wa Jeshi la Majini Thomas Gilmer. Mwingine alikuwa mtumwa aliyeitwa Armistead, mtumishi wa Rais John Tyler. Rais mwenyewe alinusurika kwa sababu alikuwa bado ghorofa ya chini.

Mnene ulipasuka. Uliokuwa na ufa, lakini ukajulikana na kufungwa mikanda, haukupasuka siku ile. Kilichotofautisha ni kujua. Na chuma hakijulikani kwa kukitazama.

SEHEMU YA 6: Wahunzi wetu

Asije mtu akasema nadharau mafundi wetu. Hapana. Kusini magharibi mwa ziwa letu, upande wa Geita na Uzinza, Warongo walikuwa wanayeyusha chuma kabla mzungu hajakanyaga hapa. Buhaya ufundi huo una umri wa karibu miaka elfu mbili. Majembe ya Uzinza yalitembea hadi Unyamwezi, yalikuwa biashara, yalikuwa mahari. Bibi zetu wengi waliolewa kwa majembe.

Buganda nako wahunzi wa ikulu walijifunza haraka kukarabati bunduki za kabaka. Mmisionari Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland aliyefika huko 1878, alipendwa zaidi kwa kiwanda chake cha uhunzi kuliko mahubiri yake. Mutesa alikuwa anamtaka kwa ajili ya bunduki. Watu wakamwita mzungu wa kazi. Alifia huku kusini mwa ziwa, Usambiro, Februari 1890.

Kwa hiyo ufundi ulikuwepo. Ila jembe na mtutu vina adabu tofauti. Jembe likiwa na kasoro ndani, litavunjika shambani, utaona mpini umelegea, utalirudisha kwa mhunzi, atacheka, atalichomea tena. Jembe linakusamehe. Mtutu wenye kasoro ileile haukurudishi kwa mhunzi. Unakurudisha kwetu.

Na kijana wa leo hana hata ile nafasi ya mhunzi wa Kirongo. Mhunzi yule alilijua jiwe, alilijua tanuri, alijua chuma kimetoka wapi. Kijana wa leo anaokota bomba la maji au chuma chakavu cha gari ambacho hajui kilitengenezwa kwa kazi gani, kimefanya kazi miaka mingapi, kimechoka wapi, kimechomelewa na nani.

SEHEMU YA 7: "Mbona la kwangu limepiga mara ishirini?"

Hili ndilo neno nalolisikia sana. Babu alikuwa nalo miaka thelathini, halijapasuka. La kwangu nimepiga mara ishirini, liko imara.

Chukua waya mwembamba. Ukunje mara moja, haukatiki. Mara tano, haukatiki. Ukiendelea, utakatika, na utakatika kwa nguvu ileile uliyotumia mara ya kwanza. Waya haukuwa imara zile mara za mwanzo. Ulikuwa unahesabu. Chuma cha mtutu nacho kinahesabu. Kila mlipuko unaurefusha ufa kidogo. Kutu inausaidia. Mara ishirini salama si cheti. Ni mara ishirini tu.

Tuweke na ukubwa wa jambo lenyewe. Ukienda kujaza upepo, fundi anakuwekea 30 kwenye tairi la gari. Bomba la maji la nyumbani, kwa kipimo hichohicho, limetengenezwa kubeba mamia machache. Baruti nyeusi ndani ya mtutu, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, inafika maelfu, kuanzia tano na kwenda juu. Bomba la maji halijafanya kosa lolote likipasuka hapo. Liliitwa kwenye kazi ambayo si yake.

Na hesabu hiyo haitulii. Baruti ya kienyeji leo kali, kesho dhaifu, keshokutwa ina unyevu. Kipimo ni kiganja. Tope likiingia mdomoni mwa mtutu, au kizibo kikikwama njiani, shinikizo linapanda ghafla kwa namna ambayo hakuna aliyeipangia. Kwa hiyo hata ningekutajia chuma, ningekuwa nimekudanganya, maana hatari haiko kwenye chuma peke yake. Iko kwenye kila kitu kisichopimwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nasema hakuna bomba salama.

SEHEMU YA 8: Mkono, jicho, na hofu

Sasa naingia nyumbani kwangu, wodini.

Mtu anayepiga gobore hulileta karibu na uso, mkono mmoja umeshika mtutu. Likipasuka, unaumia mkono ulioshika, halafu uso, halafu macho. Vidole vinapotea. Dole gumba likienda, nusu ya kazi ya mkono imekwenda nalo: jembe halishikiki, kasia halishikiki, nyavu hazivutiki. Jicho likitobolewa mara nyingi halirudi. Masikio yanavuma, wengine hawasikii vizuri tena. Na wengi wa wanaoletwa ni vijana, maana wazee ndio wanaowatuma vijana kulinda usiku.

Lakini kinachoniumiza zaidi si mlipuko. Ni kuchelewa. Mtu anakaa siku mbili, tatu, nyumbani, kwa sababu anaogopa polisi. Jeraha limepakwa majivu, limepakwa unga wa betri, limefungwa kitambaa cha shambani. Anafika kidonda kinanuka. Mwingine kinafunga vizuri juu, anashangilia, kumbe pepopunda imebaki chini. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Dalili huanza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha, wakati wewe umeshasahau. Taya linakaza, mgongo unapinda, na hapo tunapigania uhai, si kidole tena.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ikitokea kijijini kwako, hata kama gobore lenyewe hukubaliani nalo, fanya hivi:

Kwanza hakikisha hakuna baruti nyingine karibu na moto. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa kisafi, kwa nguvu, bila kuachia kila dakika kuchungulia. Inua mkono juu.

Chuma kilichojikita usikichomoe. Kizungushie kitambaa kisitikisike, aje nacho hivyohivyo.

Jicho lililotobolewa usilioshe, usilikandamize, usilitie dawa yoyote. Lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kitako cha kikombe cha karatasi, mlaze kichwa kikiwa juu kidogo.

Kidole kilichokatika kifunge kwenye kitambaa kisafi chenye unyevu kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, halafu mfuko huo uweke kwenye maji yenye barafu. Usiweke kidole moja kwa moja kwenye barafu. Hatuahidi kukirudisha, lakini lete.

Palipoungua na hapatoki damu nyingi, mimina maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno hapana. Majivu hapana. Kinyesi cha ng'ombe, nakuomba, hapana.

Halafu safari. Bodaboda, mtumbwi, gari la samaki, chochote. Wa Ukerewe asisubiri kuona kama kesho kutakuwa na nafuu, maana meli ikiondoka imeondoka. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wazuie damu, wampe chanjo ya pepopunda na dawa, ndipo rufaa.

Na PF3? Ndiyo, jeraha la silaha lina taratibu zake, na polisi watahusika. Sitakudanganya. Lakini usikae nyumbani na mtu anayevuja damu kwa sababu ya karatasi. Mlete. Uhai kwanza, maelezo baadaye. Mimi kazi yangu wodini ni kidonda. Siulizi gobore lilikuwa la nani kabla sijashika bandeji.

Nimalizie na mashamba, maana kaka yangu hakuuliza kwa kupenda bunduki. Aliuliza kwa sababu ya viboko. Kiboko aliyejeruhiwa kwa gobore ni hatari kuliko kiboko aliyeshiba mpunga wako. Akirudi, anamrudia yeyote aliye njiani, hata mama anayechota maji alfajiri. Njia ni kelele: nendeni pamoja, mtendaji wa kijiji na wakulima, kwa afisa wanyamapori wa halmashauri na kwa TAWA, mkaandikishe uharibifu kila unapotokea. Asiyeandikishwa hahesabiwi. Ulinzi wa usiku uwe wa kundi, wenye tochi, madebe na moto mbali na njia za kutokea majini. Mtaro na uzio wa miti mipana kwenye mapito yao unasaidia, kiboko haruki. Ni polepole, najua. Inachosha, najua.

Na walio na magobore ndani, sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikuruhusu kumiliki wala kutengeneza bila kibali. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na mwaka 2022 serikali yetu ilitoa Septemba na Oktoba kwa msamaha wa namna hiyo. Tangazo kama hilo likitoka tena, tumia nafasi. Peleka kupitia kwa mwenyekiti au mtendaji, usilibebe peke yako njiani limejaa.

Miaka ya 1980 Sungusungu walianza Usukuma na Unyamwezi kwa upinde na mishale, wakati wezi wa ng'ombe walikuwa na bunduki zilizosambaa baada ya vita vya Kagera. Walichokitegemea ni yowe: mtu mmoja akipiga yowe, kijiji kizima kinatoka. Nao walikuwa na makosa yao, hilo ni somo la siku nyingine. Lakini yowe lile lilifanya kazi ambayo gobore la mtu mmoja halijawahi kufanya.

Yule kaka nimemtumia sehemu zote nane kabla yenu. Ameniambia atazisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, maana vijana wenyewe simu zao hazina bando. Nawe kama una kijiji nyuma yako, wasomee.

Wiki ijayo: pepopunda ya watoto wachanga, na kwa nini bibi zetu waliiita jina jingine.